Fomu Iliyoniuliza Jina la Mama Mkwe

Wanaonijua hapa Makambako wanadhani nimechanganyikiwa, maana mimi ndiye yule mtu anayeishukuru serikali kwa kubadilisha kanuni wakati ombi lake liko katikati ya safari. Ombi lenyewe ni la hataza, ile hati ya kumtambua mtu kuwa ndiye aliyebuni kitu. Halijajibiwa bado. Huenda likakubaliwa, huenda likatupwa, lakini shukrani zangu hazisubiri jibu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Banda langu liko karibu na njia panda ya malori, na kazi yangu kubwa ni mageti, madirisha na matela ya trekta. Mke wangu kwao ni Njombe, kata ya Ramadhani, na mama yake ana miparachichi kumi na miwili nyuma ya nyumba. Wanunuzi wa maparachichi ya kwenda nje hawana mchezo. Tunda likichubuka wanalirudisha, likitoka bila kikonyo chake wanalirudisha pia. Nikatengeneza fimbo ndefu ya bomba jepesi yenye mkasi juu, unaovutwa kwa waya kama breki ya baiskeli, ili mtu akate kikonyo bila kupanda. Kukata kulikuwa kuzuri. Shida ni kwamba tunda likishakatwa linaanguka, na likifika chini limepondeka.

Mama mkwe anafuma masweta, na kwa baridi ya Njombe hakosi wateja. Siku moja mke wangu alirudi kutoka kwao na mfuko wa kufuma, mrefu na mwembamba, wazi juu na chini, mithili ya mkono wa sweta usio na mwisho. "Mama anasema ufunge chini ya mkasi," akaniambia. Nikafunga. Parachichi likaingia kwa juu, likashuka taratibu, likatua kiganjani mwangu likiwa zima kabisa. Nilipiga ukelele wa furaha, jirani yangu muuza spea akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamtumia mama asante kupitia kwa mke wangu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Yaliishia hapo kwa sababu nilivyolelewa mimi, mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Mama mkwe simpi mkono, siingii jikoni kwake, wala sikai naye mkeka mmoja. Salamu naitoa nikiwa nimesimama uani, macho chini. Siku hizi vijana wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, na wala siwalaumu, ila mimi nimebaki kule kule. Kwa hiyo kifaa chetu kilitengenezwa na watu wawili wasiozungumza, mke wangu akiwa katikati, anabeba vipande na maneno.

Nilipojaza fomu ya hataza kule steshenari, nafasi ya jina ilikuwa moja tu, ya mwombaji. Nikaandika langu. Sikuwaza mara mbili. Shamba lina jina langu, mita ya umeme ina jina langu, na kifaa nacho nikakiona ni changu, kwa sababu chuma kilikuwa changu na cheche zilinirukia mimi.

Miezi ikapita, ukaja ujumbe kwamba kanuni zimebadilika. Sasa kila aliyechangia ubunifu lazima atajwe kwa jina, aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichobuni, na atie sahihi. Sisi tuliokwisha kuomba tulipewa muda wa kurekebisha bila kupoteza nafasi yetu kwenye foleni. Muda ukipita, ombi linafutwa. Mimi barua pepe naifungua kwa nadra sana, hivyo nilipousoma ujumbe ule zilikuwa zimebaki siku mbili.

Nilifura. Hasira zangu ziko karibu, mke wangu atawaambia. Nikabwata bandani asubuhi nzima kwamba wale watu wamekosa kazi huko ofisini, kesho watatudai sahihi ya aliyechimba chuma Liganga, na chenyewe hakijachimbwa. Kesho yake nikafunga kifaa changu juu ya gari la Njombe, nikaenda kugomba kwenye ofisi yao ya pale mjini.

Dada aliyekuwa akiwasaidia waombaji hakunipa nafasi ya kugomba. Alikitazama kifaa kwa makini, akakizungusha.

"Fimbo ndefu zipo siku nyingi, baba," akasema. "Mkasi wa waya nao upo. Hapa kipya ni kipi?"

"Tunda halipondeki."

"Kwa nini halipondeki?"

"Kwa sababu ya mfuko. Unapunguza mwendo."

"Unaupunguza vipi?"

Nikaushika mfuko, nikaugeuza, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba una sehemu zinazobana na sehemu zinazolegea, kwa zamu, kutoka juu mpaka chini. Msimu mzima niliutumia na sikuwahi kuuangalia.

"Nani ameufuma?"

"Mama mkwe."

Akaweka vidole kwenye kompyuta. "Anaitwa nani?"

Nimekuwa mkwe katika nyumba ile miaka kumi na saba. Nimekula kwao Krismasi na Pasaka, nimebeba jeneza la baba mkwe. Kumtaja mama kwa jina ni mwiko kwangu, na kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kulitamka, sikuwahi hata kuuliza. "Mama," nikasema. Dada akaendelea kusubiri. "Mama yake mke wangu," nikaongeza, jasho likinitoka na baridi yote ile.

Hakunicheka, na namshukuru mpaka leo. Alinipa karatasi ya maelezo ya mbunifu, akasema watakuwepo mpaka saa tisa na nusu.

Nikampigia mke wangu. "Jina ningekutajia sasa hivi," akasema, "lakini maneno yake na sahihi yake nitavitoa wapi? Ramadhani si hapo tu? Nenda." Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya chini ninayoiogopa kuliko makelele: "Siku ile nilikuuliza kama umemwandika na mama. Ukasema fomu haina nafasi." Nilisema hivyo, kweli. Na ilikuwa kweli haina.

Nilimkuta barazani, ameketi juani, anafuma sweta la shule.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mkwe. Kwema? Mbona peke yako?"

Nikasimama uani na kueleza yote, macho yangu kwenye viatu: kanuni mpya, karatasi, siku ya mwisho kesho. Sindano zake hazikusimama.

"Na nisiposaini?"

"Ombi linakufa, mama. Lote."

Akafuma mstari mzima. Halafu akauliza, "Ulipoandika jina lako peke yako, uliniacha au ulinisahau?"

Nilitamani kuisingizia fomu ya zamani. Ulimi ukakataa. "Nilikusahau, mama."

"Afadhali ungeniacha," akasema. "Ningejua kwamba uliniona kwanza."

Iliniuma, na ninapoandika haya bado inauma. Nikamwomba radhi, na safari hii nikimtazama usoni, nikaona jinsi mke wangu anavyofanana naye.

Akanionyesha kigoda kilichokuwa karibu na kiti chake. "Kaa. Huwezi kuandika umesimama kama mlinzi."

Nikakaa. Alipotaja, niliandika. Alisema wazo alilipata kwenye sweta la mtoto, pale kwenye kifundo cha mkono ambapo ufumaji unabana na vidole vinapita kwa kusukumwa. Akawaza, kama mkono unachelewa pale, hata tunda litachelewa. Mfuko wa kwanza tunda lilikwama katikati. Wa pili lilipita kama jiwe. Ule wa sufu ulinywa umande ukawa mzito, akahamia uzi wa nailoni. Alifumua mara nne, akiwa peke yake pale uani, anadondosha maparachichi kutoka juu ya stuli na kuyakagua. Mimi huku nilikuwa nimepokea ule wa tano, nikadhani vitu huja vikiwa kamili.

Karatasi ilijaa mbele na nyuma. Kuisikia kazi ile kutoka mdomoni mwake kulinifurahisha sana, furaha kubwa kuliko ya siku ile parachichi lilipotua kiganjani. Asante kwa aliyeandika kanuni ile, yeyote alipo. Sidhani kama alikuwa akiwaza wakwe wa Njombe, lakini bila yeye ningemzika huyu mama siku moja bila kujua alifumua mara nne.

Mwishoni palikuwa na nafasi ya jina. Akachukua kalamu, akavaa miwani, akaandika polepole kwa herufi kubwa, majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kisha akanirudishia karatasi.

"Soma, nisikie kama nimepatia."

"Mama, mimi siwezi kulitaja."

"Fomu ndiyo imeuliza, sio wewe. Soma." Akavua miwani. "Tangu mama yangu afariki, jina hilo naitwa hospitali tu, nako wanaliita nusu."

Nikalisoma kwa kunong'ona.

"Hapo umejisomea mwenyewe," akasema. "Liite."

Nikashusha pumzi, nikaliita lote, majina yote matatu, kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia.

"Abee," mama akaitika.