Ustaarabu wa Taa Nyekundu

Juzi nilisimama kwenye taa za barabara ya Huanshi Zhonglu na mfanyabiashara mmoja wa Dar, mkaazi wa hapa Guangzhou kwa miaka saba. Alikuwa ametoka Hamburg, mara yake ya kwanza Ujerumani, siku tatu akiuzunguka mji kwa miguu.

Taa ilikuwa nyekundu na Wachina walikuwa wanavuka kama hawaioni. Nilipotaka kuwafuata, akanishika bega.

"Subiri, kaka. Kule nilivuka nyekundu, barabara tupu kabisa, bibi mmoja akanifokea mpaka nikarudi nyuma. Wale ndio watu!"

Akakunja mikono kifuani, akasimama wima. Bibi mmoja wa Kichina mwenye mfuko wa mboga akamtazama kwa huruma. Akamshika mkono, akainua kiganja kuyazuia magari, akamvusha taratibu kama mtoto wa chekechea. Siku tatu za Hamburg zilikuwa zimeifuta miaka saba.

Nilicheka, nikabaki kungoja kijani, angalau mmoja wetu awe mstaarabu. Kijani kikawaka, lakini magari yanayokata kona hayakunipa hata pa kuweka mguu.

Ng'ambo, yule bibi akampa mwenzangu mfuko amshikie, akaanza kurudi kunichukua.