Drita anajua chuma kitakatikia wapi

Saa nne kasoro asubuhi, jua la Februari limeshaanza kuyachoma mabati ya karakana hapa Shepparton, mji wa mashamba ya matunda, na Drita Rexhepi yuko chini, magoti kwenye saruji, anachora duara kwa chaki nyeupe kwenye mguu wa kushoto wa fremu ya kumkinga dereva wa trekta.

"Itapasukia hapa," anasema. "Vidole viwili juu ya mchomeleo."

Trev Lonergan, aliyeichomelea fremu hiyo, anacheka, anachukua chaki ya njano na kuchora duara lake kwenye kona ya juu. "Dada yangu, hiyo kompyuta yako haijawahi kuungua kidole hata siku moja. Pale chini nimechomelea mimi, pale hapaguswi!"

Ndiyo desturi yao. Kabla bonge la chuma la tani mbili halijaachiwa kuigonga fremu, kila mmoja anachora pale anapodhani patapasuka. Aliyekosea anawanunulia wenzake pai za nyama.

Leo lakini hakuna anayezitaja pai. Pembeni, kwenye kiti cha kukunja, ameketi baba yake Drita, Mzee Ramiz, miaka 81, kofia mapajani, amenuna kwelikweli. Hajamsemesha binti yake kwa siku tisa.

Drita ana miaka 52. Aliingia hapa kama karani wa bohari, akasoma jioni kwa miaka saba, na sasa analipwa dola 82,000 kwa mwaka kwa kazi ambayo hata shangazi zake hawaielewi.

"Nawaambia navunja matrekta bila kuyagusa," anasema huku akicheka.

Kwenye skrini, anaigawa fremu katika maelfu ya vipande vidogo, halafu anaibamiza kwa uzito ule ule wa tani mbili. Kila kipande amekiwekea mpaka wa kuvutika. Kinachovuka mpaka, kompyuta inakifuta. Vikifutwa vingi kwa mstari mmoja, huo ndio ufa.

"Kazi yote iko kwenye huo mpaka," anaeleza. "Ukiuweka juu mno, umemwambia mtu yuko salama, kumbe hayuko."

Na hilo ndilo alilolifanya.

Novemba mwaka jana alipiga hesabu za fremu hii, inayofungwa nyuma ya kiti kwenye matrekta ya zamani yasiyo na kinga, yale yanayopinduka kwenye kingo za mifereji ya kumwagilia maji. Kompyuta ikasema inahimili. Jaribio lenyewe linagharimu dola 11,000, likawa linasubiri fedha. Wakati huo, fremu nne zikafungwa kwenye matrekta ya wakulima waliokubali kuzijaribu shambani.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ramiz. Wengine watatu, Agim, Sabri na Luan, aliwashawishi mzee mwenyewe kwenye klabu ya Waalbania wenzake, kwa majigambo juu ya kahawa: "Hii kaipima binti yangu!"

Jumapili moja mwezi huu, Drita aliirudia ripoti yake na akaliona kosa. Ule mpaka aliupata kwa kuvuta kipande kidogo cha chuma kwenye mashine mpaka kikakatika, kisha akakiiga kwenye kompyuta kwa vipande vya nusu milimita. Fremu nzima alikuwa ameigawa kwa vipande vya milimita kumi, akauchukua mpaka ule ule, akaubandika.

"Ni kama kuuliza wastani wa joto la nyumba nzima huku jiko linaungua," anasema. "Kipande kikubwa kinasawazisha kila kitu. Pale kwenye ufa pameshazidiwa, chenyewe kinakwambia hakuna neno. Kosa hilo tunawakanya wanaoanza kazi, halafu nikalifanya mimi!"

Alipopiga upya kwa mpaka sahihi, mguu wa kushoto ulikatika kwenye skrini. "Nikasema, Mungu wangu, nimemkalisha baba chini ya kitu kibovu."

Alimwambia bosi wake siku ileile, naye akaidhinisha fedha za jaribio la leo. Akawapigia simu wale watatu, wasiendeshe. Wakamjibu kwamba mavuno ya mapeasi hayangojei kompyuta. Sabri akaongeza, "Si wewe ndiye uliyesema iko salama?"

"Lile lilinichoma," anasema Drita, "kwa sababu ni kweli."

Kwa baba yake hakupiga simu. Alikwenda, akachomoa ufunguo kwenye trekta, akaondoka nao. "Alinifuata mpaka getini ananiita mwizi," anasema, anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Kengele inalia. Trev anaachia mnyororo wa lile bonge.

Mshindo ni mmoja tu. Vumbi linapotulia, fremu imelala upande, na mguu wa kushoto umekatika katikati ya duara jeupe. Trev anavua kofia ngumu. Drita hashangilii. Anakaa kwenye saruji na kulia.

"Nilitamani nikosee," anasema. "Nilitamani sana."

Mzee Ramiz anainuka polepole, anasogea mpaka kwenye kiti cha trekta kilichofungwa chini ya fremu. Anajaribu kupitisha kofia yake kati ya kiti na chuma kilicholala. Haipiti.

"Hapa ningekuwa mimi," anasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na wale watatu?"

"Bado wanaendesha. Hawanisikii."

"Wewe watakusikiaje? Kwao wewe bado ni yule mtoto aliyekuwa anawaibia mapeasi." Anamgeukia Trev. "Kijana, gari lako liko wapi?"

Wawili hao wanarudi saa tisa alasiri. Mzee anaweka funguo tatu za matrekta juu ya meza ya binti yake, mmoja umefungwa kwa kamba ya kufungia majani makavu. Trev anasimulia yaliyotokea, hajiwezi kwa kicheko: kwa Sabri, mzee alisimama mbele ya trekta linalokuja.

"Sabri akapiga kelele, 'Sogea Ramiz, nitakukanyaga!' Mzee akamwambia, 'Nikanyage basi, kabla hilo trekta halijakukanyaga wewe!' Ikabidi azime injini."

Drita ameshachora mguu mpya: bamba la chini ni nene zaidi, na mchomeleo umehamishwa mbali na pale panapovutika. Kwa mpaka sahihi, kompyuta inasema utapinda bila kukatika. Jaribio litafanyika Machi 14. Mpango wake mwingine ni kwamba ripoti yoyote isitoke tena hapa bila kuandika, kando ya mpaka, ukubwa wa vipande vilivyotumika.

Anamweleza baba yake kwamba atafanya kazi hata Jumamosi na Jumapili ili fremu mpya ziwahi mwisho wa mavuno.

Mzee Ramiz amewaharakisha watoto wake kila Februari tangu walipoweza kubeba ndoo. Anavuta kiti, anakaa karibu naye.

"Mapeasi yakioza, yaoze," anasema. "Polepole, mama. Piga hesabu vizuri."