Wewe, Tena

Mnisamehe mwandiko. Naandika polepole, kama mtu anayeshona kwa mkono, na bado herufi zangu zinalala upande. Mkikuta l mahali pa r, mjue ni mimi, si nyinyi. Shule niliishia darasa la saba hapa hapa Mzenga. Mbele za watu maneno hunikaukia mdomoni, ndiyo maana nimeona niandike.

Nataka kueleza habari za neno moja na za mwalimu aliyenipa neno hilo.

Kwaya ya kigango chetu ina sauti nne, na tulikuwa tukizihesabu tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wanawake walikuwa ya kwanza na ya pili. Ya tatu na ya nne ilikuwa kazi ya wanaume. Mimi nilisimama na ya pili, lakini mwili wangu mwembamba umebeba sauti nzito. Nikipanda juu inakatika. Wasichana wenzangu wakinisikia waliambiana, "Mjomba ameamka." Basi nikajifunza kuimba kwa midomo bila kutoa sauti. Jumapili nyingi zilipita hivyo na hakuna aliyegundua.

Mwaka jana tulialikwa kwenye tamasha la kwaya kule Kongowe, Kibaha. Mwenyekiti wetu akamwomba mwalimu wa muziki wa huko Kibaha aje kutufundisha kila Jumamosi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, na kinanda chake alikibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto. Siku ya kwanza alisema jukwaa la kule ni dogo, hatutaenda wote. Angetusikiliza mmoja mmoja, wanawake kwanza, kisha achague.

Nilitaka kwenda. Mama ndiye mshonaji wa sare za kwaya, na yangu alikuwa ameshaimaliza na kuitundika msumarini juu ya kitanda changu. Kila nikiamka naiona.

Nilijipanga wa mwisho. Nikiwa nje ya mlango nilimsikia mwalimu akiwaambia wenzangu, "Wewe, soprano." "Wewe, alto." Walitoka wakicheka. Nilidhani ni alama, kama za mtihani, ila sikujua ipi ni nzuri.

Zamu yangu ikafika. Nikaimba ubeti mmoja nikitazama sakafu. Mwalimu akabonyeza kinanda, akasikiliza, akasema, "Wewe, tena."

Nikaimba tena.

"Ndiyo," akasema. "Tena."

Nikarudia, safari hii kwa nguvu zaidi, maana niliona zile mbili za mwanzo hazikumridhisha.

"Tena, mwanangu. Nimeshasema."

Mara ya nne machozi yalikuwa yananitoka na bado naimba. Niliiona ile sare msumarini, nikaona mama anaitundua na kumpa mwingine. Mwalimu akaondoa vidole kwenye kinanda.

"Kwani unarudia nini?"

"Umesema tena, mwalimu."

Akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka mabega yakatikisika, lakini hakunicheka mimi. Alivuta kiti, akanikalisha.

"Nisamehe. Kosa ni langu. Tena ni sauti ya tatu kwa Kiingereza, kama soprano ni ya kwanza na alto ni ya pili, ndivyo tulivyofundishwa kuziita. Nilikuwa nakwambia umepata, wewe unadhani umekosa."

"Sauti ya tatu si ya wanaume?"

"Ni ya mwenye nayo. Wanaume wenu wanaoifikia wako wawili, na nimeambiwa mmoja anakohoa."

Nimekutana na watu wengi wenye Kiingereza, na wengi wao wakiona hujaelewa hulitamka neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Yeye hakufanya hivyo. Kuanzia siku ile, kila neno la kazi alilolileta, kii ya kuanzia wimbo, pichi ya kupanda na kushuka kwa sauti, saundi cheki ya kujaribu vyombo, alituuliza kwanza, "Nyinyi hiki mnakiitaje?" Sisi tukitaja letu, naye anataja lake, na yote mawili yanatumika.

Nikahamia upande wa wanaume. Mzee mmoja mkulima wa mihogo, ndiye yule wa kikohozi, alinisogezea nafasi kwenye benchi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, binti. Huku hatubani pua. Fungua mdomo."

Kule Kongowe tulipopanda jukwaani, mwalimu alituambia tusikilize monita. Mzee akageuka huku na huku. "Monita ni nani? Mimi shule nimeacha zamani." Kumbe ni spika nyeusi iliyolazwa chini, imetuelekea sisi badala ya watu. Mwalimu akapiga paji la uso. Lile alikuwa amesahau kutuuliza.

Tuliimba. Tulipomaliza, watu wakapiga makofi, na huko nyuma wakaanza kupaza sauti kwa pamoja: tena, tena, tena.

Mzee akanigusa kiwiko. "Umesikia? Wanatuita sisi."

Sijui kama alikuwa anatania. Alianza mstari wetu wa sauti ya tatu, nami nikamfuata kabla sijapata muda wa kuogopa. Soprano na alto walivuta pumzi waingie. Mwalimu akawainulia mkono, wakanyamaza. Kikohozi kikamshika mzee katikati ya mstari. Nikaumaliza peke yangu, sauti yangu ikinirudia kutoka kwenye ile monita, nzito kama ilivyo, na haikukatika.

Wasichana bado wananiita mjomba. Ila siku hizi wanasema, "Mjomba, tunaanzia wapi?"

Sasa nina daftari la maneno ya muziki na jukwaa, ukurasa mmoja neno moja, na chini yake kosa ambalo mtu alilifanya kwa sababu ya neno hilo. Kurasa nyingi ni tupu. Wewe unayesoma, kama kuna neno la kwaya au la bendi lililowahi kukupoteza njia, niandikie ulivyolisikia wewe. Usijali mwandiko. Nitakujibu, ila nitachelewa kidogo.