Jumamosi Yangu Mpaka Saa Nne

Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa sababu ya siku zake. Si uzuri wake, wala sauti yake, ingawa anavyo vyote viwili na anajua. Siku zake: Jumatatu nzima, Jumanne nzima, mpaka Ijumaa. Tangu ahame Kibumba aje kukaa kwangu Keshero, hakuwa amepata kazi. Mimi nikitoka asubuhi kwenda kuuza saruji na misumari dukani Birere, nilimwacha amekaa mezani pangu, kalamu mkononi, chai pembeni. Chai yangu, kwa kweli.

Mimi nilikuwa na asubuhi ya Jumamosi tu, maana Jumapili huishia kwenye misa na kufua. Asubuhi hiyo ni salongo: maduka yote yanafungwa mpaka saa nne, na kila nyumba inatoa mtu mmoja kufagia barabara na kuzibua mitaro. Tulikuwa tumepatana. Yeye anachukua jembe, mimi nabaki kuandika.

Kikundi cha maigizo cha parokia yetu kilikuwa kinatafuta mchezo wa sikukuu. Mmoja tu. Mimi ndiye niliyekiandikia tangu yeye akiwa bado anavaa sare ya shule, ila safari hii tuliahidi wote wawili, kila mmoja aandike wake. Jumamosi ya mwisho kabla ya kukisomea kikundi, akasimama mlangoni, mikono mitupu, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, leo uende weye ku salongo. Yangu inabakia kidogo tu iishe."

Damu ilinipanda. "Uko na lundi mpaka vendredi, na samdi yangu pia unaitaka?" Jumatatu mpaka Ijumaa zote ni zake, na bado alitaka Jumamosi yangu.

Alichukua jembe akatoka. Nilikaa mpaka saa nne nikiandika kwa hasira, na sikupata chochote cha maana. Nikafunga kilemba, nikaenda kazini.

Jumapili baada ya misa kikundi kilitusikiliza. Mimi nilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Yeye alikuwa na mchezo mzima, kuhusu mwanamke muuza saruji anayetaka kutunga nyimbo. Kila jioni anaketi, anasema "sasa naanza", na kabla chakula hakijaiva amesinzia mdomo wazi, huku akiwaambia wateja usingizini kwamba misumari ya inchi tatu imekwisha. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Hata mimi nilicheka, na huku nikicheka nilitamani kumfinya. Miaka yote nilikuwa mwanamke yule na sikuwahi kupata muda wa kujiangalia. Muda huo alikuwa nao yeye.

"Nani atacheza ule mama?" msimamizi wa kikundi akauliza.

Wote walinigeukia. Ningekataa, lakini nisingevumilia kuona mwingine akicheza uchovu wangu. Nikakubali.

"Bien. Lakini yeye anatumikaka ku duka kila siku," msimamizi alisema. "Repetisyo, ile mazoezi ya mchezo, tutafanya lini?"

Mdogo wangu alinishika bega, akajibu haraka, kwa moyo mweupe kabisa.

"Samdi asubuhi. Ni saa yaya hanaka kazi."