Manga ya majuto niliyomutumia rafiki yangu kule Mongbwalu, na vile alivyoisoma

Wakuu wa jukwaa, muko aje? Siye huku Bunia tuko, tunapumua.

Juzi kuna mutu alifungua uzi humu akaomba tumupe manga, zile katuni za Wajapani, za kulia. Za majuto, za urafiki, za mutu kupewa nafasi ya pili. Mukamujaza majina mpaka page ya tatu.

Miye nilianza kuandika comment, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikaona haya mambo hayaenei mu comment, afazali nifungue uzi wangu.

Nitasema vile ilikuwa. Chumvi sitaongeza, iliyo ndani inatosha. Na Kiswahili changu ni cha kwetu, wa Dar na wa Nairobi mutanivumilia. Mwenye kutaka kucheka acheke sasa.

Bon.

Manga yenyewe sijui jina lake. Niliipata scan ya Kifaransa kwa simu ya mutu, cover haiko, page ya jina haiko. Miye naiita ile ya Daraja.

Iko na vijana wawili wanaosoma pamoja. Mumoja anavaaka kofia. Mwenzake anahama muji, wakapatana waagane ku daraja. Mwenye kofia hakwenda. Page ya kwanza kabisa inamuonyesha mugongo, anatembea kuacha daraja, anasema: "Leo siendi. Asiningoje."

Halafu anazeeka na ile kitu. Anaoa, anazaa, kila mahali anapoenda yuko nayo. Siku moja anaamuka na kujikuta kijana tena, asubuhi ya siku ile ile. Sasa anakimbia. Page ya mwisho wako wawili, miguu inaning'inia ku daraja, wanakula kilazi, kile kiazi cha kuchoma, wakigawana, na anamuambia: "Nimechelewa, lakini nimekuja."

Niliisoma saa sita ya mchana mu kazi, nikafunga mulango kama mutu aliyefiwa. Wateja wanagonga, miye nalia.

Juu ya nini? Juu mwenye kofia ni miye.

Niko na secrétariat ndogo hapa mujini. Fotokopi, kupiga barua ku mashine, kufunga mémoire, zile tasnifu za wanafunzi, na ile spirale ya plastiki. Wazazi wangu walitoka Butembo kuja Bunia kwa biashara, miye nikiwa mudogo. Mulango wa kwanza kutufungukia ulikuwa wa Mama Dieudo. Wao ni wa hapa hapa tangu zamani, wako na ngombe upande wa Irumu.

Yule mama alinilisha. Sisemi kwa mufano. Kila siku nikitoka masomo kulikuwa kikombe changu cha maziwa ya kuganda, na hakuna mutoto wake aliyeruhusiwa kukigusa.

Dieudo ndiye mwanaye. Tulikuwa kiatu na soksi. Kusoma hakupendaka hata kidogo. Manga zote alizojua ni miye nilimusimulia, tukikaa ku tofali nyuma ya nyumba yao, miye na simu mu mukono, yeye macho mu hewa. Nikinyamaza tu ananipiga kiwiko: "Endelea, muchuruzi, ama unataka nilipe tiketi?"

Shikeni hiyo, wakuu. Miye nilisoma, yeye alisikiliza. Miaka yote ile sikumutia simu mu mukono hata mara moja.

Mama Dieudo akafariki.

Huku kwetu, mutu akienda kuzikwa, kuko mwenye kutangulia mbele na musalaba. Ule wa mbao, wenye jina. Hapewi mutu wa barabarani. Na mutoto wa marehemu hatangulii, yeye anafuata nyuma ya mama yake, analia, watu wanamushika.

Dieudo akanipigia. "Musalaba wa mama utabeba weye. Hakuna mwingine."

Nikamujibu: "Saa nne sijafika, uniite mbwa."

Asubuhi ile courant ikarudi. Tulikuwa siku mbili bila umeme. Akatokea mwanafunzi mumoja, anatetea mémoire yake siku ile ile, volume sita, yaani nakala sita, ananisihi. Nikasema nitoe moja. Nikasema bado tano tu. Mashine ikameza karatasi, nikaifungua. Nikasema bado mbili. Yaani nilikuwa naona saa ku ukuta, na bado nasema mbili!

Kufika makaburi, nikakuta watu wananawa mikono, kuzika kumekwisha.

Musalaba alibeba Dieudo mwenyewe. Alitangulia mbele ya mama yake kama mutu wa kukodishwa. Rangi ya yale maandiko haikuwa imekauka, ilimushika shati jeupe hapa kifuani, nyeusi.

Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Ulimaliza kazi?"

Mungu wangu. Angenipiga kofi mbele ya watu wote, ningemushukuru.

Nyuma ya kilio akaenda Mongbwalu kuchimba zahabu. Nikipiga simu, hajibu. Nikituma salamu na watu, hakuna jibu. Akaoa huko, miye nikasikia kwa watu. Na miye badala ya kupanda moto, ile pikipiki, kumufuata, nikawa najisemea barabara ni mbaya, kazi ni nyingi. Uongo mutupu. Nilikuwa naogopa ile sauti yake ya "ulimaliza kazi".

Ndipo nikakutana na ile ya Daraja. Nikasema hii ndiyo, hii itamuongelesha kuliko kinywa changu.

Wakuu, ile kazi niliifanya kwa roho yote. Nilifuta Kifaransa chote mu mifuko ya maneno, mufuko kwa mufuko, nikaandika Kiswahili chetu. Na nikawapa majina yetu. Mwenye kofia nikamuita jina langu, na yule aliyengoja ku daraja nikamuita Dieudo, ili asione kama ni mambo ya Wajapani.

Nikaitoa recto-verso, mbele na nyuma, karatasi nzito. Kartoni nyeusi mbele, kartoni nyeusi nyuma, bila maandiko. Na juu miye ni fundi, nikaifunga sawa na Wajapani wenyewe wanavyofunga: spirale upande wa kuume, unafungulia kule ambako siye tunakuita nyuma. Nikajisifu kabisa. Nikasema hapa Bunia nzima nani angefanya vile?

Barua sikutia. Hata neno moja sikuandika, nikiona nitaharibu.

Nikamupa motari mumoja, mwenye pikipiki anayefanyaka ile barabara. Akaipeleka.

Siku nne zikapita, mesaji ikaingia. Ya Dieudo! Ya kwanza tangu makaburi. Naijua kwa kichwa:

"Nimepata kitabu. Nimesoma mpaka mwisho. Nimeelewa. Mungu akulinde."

Nilirukaruka mu ile secrétariat kama mutoto. Mama anayeuza mikate mulangoni akaniuliza kama nimeshinda ndege ya kwenda Ulaya. Nikamuambia ndugu yangu amenisamehe. Akaniambia Mungu ni mukubwa, akanipa mukate wa bure.

Nikamujibu Dieudo: "Nakungoja Bunia." Haikuenda. Nikapiga, simu imezimwa. Nikasema bon, kule mu mashimo rezo ya simu haiko. Acha akuje mwenyewe.

Nikangoja. Mwezi, miezi. Nilimununulia kikombe, cheki ujinga, kikombe cha maziwa, nikakiweka ku étagère, ile rafu karibu na mashine.

Aliyenipigia mwisho ni yule yule motari. Shimo lilikuwa limeanguka. Walikuwa wamemutoa Dieudo, lakini hakuwa tena mutu wa kuongea naye.

Siku ile sikuzima hata mashine. Niliacha mulango wazi nikapanda moto. Nilifika Mongbwalu fundi wa sanduku akiwa bado anapima mbao. Nikawaendea wazee, nikapiga magoti, nikasema miye ni ndugu yake wa Bunia, naomba musalaba.

Wakanipa. Rangi haikuwa imekauka. Niliukumbatia hivyo hivyo, ikanishika shati, nikatangulia mbele yake mpaka makaburi. Nalia, lakini ndani nikiwa na kitu kidogo cha kunishika. Najisemea: Dieudo, tulipatana. Ulisema umeelewa. Na leo sikuchelewa.

Kama uzi ungeishia hapa ningewaambia ni uzi wa kutia moyo.

Tuliporudi, tukanawa mikono. Muke wake, anaitwa Espe, alikuwa amekaa ku mukeka na wamama. Akaniangalia shati, akaniangalia uso. Akauliza: "Ni weye wa kitabu?"

Nikamuitika ndiyo, na miye bado natafuta kutabasamu.

"Mbona ulimufukuza, halafu unakuja kumubebea musalaba?"

Nikamuambia hapana, mama, sikumufukuza. Kile kitabu ni cha kuomba samahani.

Akainuka, akaingia mu nyumba, akatoka nacho. Akakitia ku magoti. Na akakishika vile kila mutu wa kwetu anashikaka kitabu, Biblia, kayé ya shule, chochote: spirale ku mukono wa kushoto. Akafungua.

Page iliyokuja mbele ni ya daraja, vijana wawili na kilazi.

Kwa miye ile ni page ya mwisho.

"Alinisomea siku mbili," Espe akasema. "Aliniambia inachanganya, lakini mutu akivumilia anaelewa. Hapa mwanzo muko pamoja, munakula. Halafu kidogo kidogo munaachana. Aliniambia: mwanzo ni vile tulikuwa, mwisho ni vile tuko."

Akageuza, akageuza, mpaka ile ambayo kwao ilikuwa ya mwisho. Kijana wa kofia, mugongo, anaenda. Jina langu. Na maneno niliyoyaandika kwa mukono wangu: "Leo siendi. Asiningoje."

Chini yake kulikuwa maandiko ya kalamu ya biki, ya bulu. Mwandiko wa Dieudo, mbaya kama siku zote:

"Sawa ndugu yangu. Sikungoji tena."



Nilikichukua kile kitabu, nikakigeuza, nikatia spirale kuume. Nikamusomea Espe kutoka page ya kwanza ya kweli, kidole changu kikitembea kutoka kuume kwenda kushoto, vile nilipaswa kumuonyesha bwana yake tangu tukiwa ku tofali. Nikafika ku kilazi. Nikasoma: "Nimechelewa, lakini nimekuja."

Nilifikiri ukweli utamutuliza. Espe akafunga kitabu polepole, akaniambia:

"Ungeniachia ile yake. Ile nilikuwa nimeizoea. Sasa nitamulilia mara mbili."



Kitabu nilimuachia, ni cha bwana yake. Nilirudi Bunia, mashine nikaikuta imejizima yenyewe. Kikombe kiko ku étagère.

Basi, aliyeomba manga ya majuto: ile ya Daraja iko, PDF ninayo, ya Kiswahili chetu. Niite inbox nitakutumia. Majina yetu nimeyatoa. Na ku kila page, juu, nimechora mushale wa kuonyesha upande wa kuanzia. Kila page! Nilitumia siku tatu, ya kumusaidia nani tena, sijui.

Nilichojifunza kiko kifupi. Ukimukosea mutu, umuendee na miguu yako, umutazame, useme "nilikosa, unisamehe". Maneno haya hayana upande wa kuanzia. Mambo ya kutuma kitabu, wimbo, picha, status, eti ataelewa tu, muyaache. Mutu mwenye kidonda anasoma kila kitu kuanzia pale panapomuuma.

Na wewe unayesoma hii ukiwa na jina moja mu kichwa, barabara yako haiwezi kuwa mbaya kuliko ya Mongbwalu. Ukishaenda, rudi utuandikie hapa chini alikujibu nini. Hata kama alikufukuza, andika. Kufukuzwa ni jibu.

EDIT: Munaoniambia "huko aliko sasa amejua", aksanti, najua munanihurumia. Lakini yule hakupendaka kusoma, na wa kumusimulia nilikuwa miye.