Rangi Nyekundu Kisimani

Kisima cha akina Rotia kilichimbwa na marehemu baba yake, akakizungushia ukingo wa mawe ya matumbawe. Ukoo mzima ulikulia maji yale. Hivyo idara ya maji ya serikali ilipoanza kuchunguza visima vya Tarawa Kusini, kisiwani kwao, na Rotia akaajiriwa kuchukua sampuli, mama yake, Nei Taboia, aliona ni mchezo.

"Haya, serikali imekuja kuteka maji kwa kichupa! Huko ofisini hata ndoo hamna?"

"Tunatafuta vijidudu, mama."

"Vijidudu! Umeyanywa tangu unatambaa, na kiuno hicho sasa hakipiti mlangoni."

Akenete, binti wa Rotia aliyekuwa akilelewa na bibi yake, alicheka mpaka akakaa chini, ingawa hakuelewa kitu.

Maji yalikutwa na kinyesi. Ardhi yenyewe ni ukanda mwembamba wa mchanga, vyoo na mabanda ya nguruwe vimebanana, na maji matamu yako chini kidogo tu. Majibu yalipotoka, Rotia alirudi mbio.

"Mama, yachemshe. Yote, hata ya kusukutua."

"Nimesikia, bosi."

Na kweli alichemsha. Kisha mvua zikashika, makumbi ya nazi yakalowa, moto ukawa moshi mtupu. Mchana mmoja Akenete alitoka kucheza, koo limemkauka, akalilia maji. Sufuria ilikuwa tupu. Bibi akamtekea kikombe kisimani.

Kesho yake mtoto aliharisha na kutapika mpaka macho yakazama. Hospitalini walimtundikia dripu. Rotia alikaa ameushika unyayo wake mdogo, akausikia ukipoa mkononi mwake. Wakamzika ubavuni mwa nyumba, wakamtandazia changarawe nyeupe.

Haukupita muda, idara ikaamuru visima vibovu vipakwe rangi nyekundu, watu wasinywe maji yake.

"Kwenu nitamtuma mwingine," mkuu wake akamwambia.

Rotia alikataa. Hakutaka mgeni ndiye amfikie mama yake na kopo lile la rangi.

Alipiga magoti kando ya kisima, akaanza kupaka ukingo. Nei Taboia alikuja akakaa karibu.

"Ni maji, sivyo?"

Uongo Rotia alikuwa ameuandaa njia nzima. "Mtoto huokota vijidudu popote, mama. Hata mchangani."

"Usinifiche, mwanangu. Ulinionya. Mkono huu ndio uliompa kikombe."

"Mama..."

"Kumbe mchawi wa mjukuu wangu ni mimi."

Rotia akatupa brashi, akamkumbatia, nguo ya mama ikajaa rangi. Walilia hadi majirani wakatoka, nao wakakaa chini, wakalia.

Baadaye nyumba nyingi zilifungiwa matangi ya maji ya mvua, na watoto waliokuwa wakihara wakapungua. Ofisini walifurahi. Rotia naye alifurahi, kadiri alivyoweza, akaendelea na kazi.

Lakini Nei Taboia hakulea tena. Kaka yake Rotia alipopata mtoto, akamleta ili ampe bibi amlee kama ilivyo desturi, Nei Taboia alirudi nyuma, mikono kaificha makwapani.

"Mpeni mama yake," alisema. "Mimi nitamtazama nikiwa hapa."

Rotia akampokea mtoto, akakaa naye mahali ambapo Nei Taboia angemwona vizuri.