Protini Nzuri, Ila

Dada yangu ni daktari wa mifugo, na wagonjwa wake anawapenda kwa sababu hawaongei. Shida yake ni wenye wagonjwa. Watu wetu ukiwauliza habari, hata nyumba ikiwa inaungua, hujibu kwanza "nzuri", ndipo huja "ila", na moshi wote uko nyuma ya hiyo "ila". Dada hana subira ya kuingoja. Huwakata maneno, huvuta damu kwa sindano, huizungusha kwenye mashine mpaka maji yake yajitenge, kisha hupima protini. "Mdomo hudanganya," hutuambia. "Damu haina mdomo." Mimi hukaa mapokezi kuwaliwaza waliokatwa maneno, kazi isiyo na cheo.

Siku moja aliyekatwa maneno alikuwa mama yetu mzazi.

Alimleta mbwa aliyeachwa na marehemu baba, mbwa mzee mwenye sikio moja lililolala, ambaye mama humkemea kutwa nzima. Dada akamwamkia, akamuuliza habari.

"Nzuri, ila huyu..." mama akaanza.

Dada alikuwa keshaingia maabara. Alirudi anatabasamu: protini ilikuwa ya kawaida, kama ya mbwa wa kitabuni. Uzee tu, akasema, ampeleke nyumbani akapumzike. Mama humheshimu daktari kuliko anavyomheshimu binti yake, kwa hiyo akaondoka na "ila" yake.

Huko nyumbani akawa anamnywesha mbwa maji kwa kijiko. Macho yalichangamka, lakini tumbo likaanza kuning'inia na miguu ikavimba. Wakarudi. Safari hii dada alipima mara mbili, maana hakuamini: protini ilikuwa imeshuka vibaya. Akavuta kiti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mama, siku ile ulitaka kusema nini?"

"Kwamba alikuwa anaharisha kwa wiki ya pili, na maji alikuwa hataki."

Dada alifumba macho. Kisha akamweleza taratibu kwamba utumbo ulikuwa unavujisha protini tangu siku ile, ila mwili ulikuwa umekaukiwa na maji, na protini kidogo iliyobaki kwenye damu nzito ikaonekana inatosha. Ni kama mchuzi uliotiwa chumvi haba ukaachwa motoni hadi ukakaribia kukauka. Ukiuonja utasema chumvi imekolea, mpaka uurudishie maji, kama mama alivyofanya kwa kijiko. Angeivuta tu ngozi ya shingo, angeona inavyochelewa kurudi, dalili ya mwili uliokosa maji. Hakuivuta. Kumbe damu nayo huanza na "nzuri".

"Atakufa?" mama akauliza.

Dada alisema hajui. Nilimkasirikia, na papo hapo nikamhurumia.

Mbwa akalazwa pale kliniki. Dada akautibu utumbo, akampimia chakula kwa mkono wake, na kila asubuhi alimvuta ngozi ya shingo kabla ya kugusa sindano. Uvimbe ulipungua polepole, na mwishowe mzee akambwekea mtu wa kufagia. Tukamwita mama aje kumchukua.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Dada alimwamkia mama, akamuuliza habari za nyumbani.

"Nzuri, mwanangu."

Dada hakuondoka. Akaketi kando yake kwenye benchi la wateja, akangoja, huku watu wakitazama saa zao.

"Ila?" akauliza.

Mama alimwinamia mbwa miguuni pake, akalinyoosha lile sikio lililolala, likalala tena.

"Ila siku zote hizi sikuwa na wa kumkemea."